Kila mwezi nafiwa, na hakuna anayenipa pole

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 33, naishi Tanga. Huu ni mwaka wa tano tangu niolewe. Mume wangu ni dereva wa lori, mtu mpole, hanitukani, na nyumbani unga haujawahi kwisha. Natanguliza hayo usije ukadhani naandika kumsema.

Mwaka wa kwanza hatukuwa na haraka. Wa pili nilishika mimba, ikafika wiki saba, ikatoka. Ilikuwa Jumatano, nilikuwa napiga pasi gauni la mteja. Jioni nilirudi kutoka hospitali, na usiku nikakaa kumalizia zipu ya gauni lile lile kwa sababu mwenyewe alikuwa na harusi kesho yake. Mume wangu alisema, "Usijali, tutapata nyingine." Mama mkwe akapiga simu kuuliza kama nilibeba ndoo. Yakaishia hapo. Hata mbuzi wangu angekufa, majirani wangekuja kuuliza. Mpaka leo nawaza labda ni ile pasi, maana ni ya mkaa, nzito.

Tangu hapo miaka mitatu, kimya.

Mwezi wangu una nusu mbili, Shangazi. Nusu ya kwanza nahesabu. Nina programu kwenye simu inayonionyesha zile siku ambazo shuleni tulifundishwa kuziita siku za hatari. Sasa mimi naisubiri hiyo hatari kama mkulima anavyosubiri mvua. Mume wangu akiwa Singida na mzigo siku hizo, nalia kama niliyeibiwa. Akiwepo, imekuwa kama zamu ya kazi. Juzi aliniambia, "Mimi si jogoo wa kufugiwa mbegu," akacheka peke yake.

Nusu ya pili nasubiri. Matiti yakiuma nafurahi, kichefuchefu kikija nafurahi. Nanunua vipimo vya mkojo, kila safari duka la dawa jingine, kwa sababu dada wa duka la karibu alishaanza kuniangalia kwa huruma. Napima alfajiri chooni kwa tochi ya simu. Mstari mmoja. Nakitupa, halafu saa mbili nakiokota kwenye kapu nikitazame tena, huenda wa pili ulichelewa. Baada ya siku mbili tatu naingia mwezini, na siku hiyo nafungua kibanda kama kawaida.

Na kazi yenyewe ndiyo hii, nusu ya wateja wangu wananiletea magauni niyapanue. Namzungushia mtu utepe wa kupimia tumboni, mtoto anacheza, mteja ananiambia, "Weka mkono hapa umsikie." Naweka.

Kwenye kikoba tulipoandikisha majina, walipanga Mama Zuwena, Mama Rama, Mama Mwana, walipofika kwangu katibu akasimamisha kalamu, "Wewe tukuandike mama nani?" Wakaandika "Fundi". Mama mkwe akija kutoka Pangani haniulizi kitu, anakaa barazani anasema na hewa: "Nyumba nzima haina hata wa kutumwa dukani." Mwezi uliopita alileta chupa ya lita moja na nusu ya dawa ya mizizi, ati ya kusafisha kizazi. Nilikunywa, nikaharisha siku nne.

Hospitali nimekwenda. Nimepigwa picha ya mirija, iko wazi, na mayai daktari amesema yanapevuka. Akamwandikia mume wangu kipimo cha mbegu. Karatasi ile iko kwenye droo mwezi wa nane sasa. Anasema, "Si ulishawahi kushika? Basi mimi mzima." Nikirudia, ananinunia siku mbili.

Sasa wifi yangu amejifungua. Jumamosi ijayo ni arobaini ya mtoto, na nguo za siku hiyo nashona mimi. Nilipopigiwa simu kwamba amejifungua salama, kabla ulimi haujasema alhamdulillahi, moyo ulisema: kwa nini yeye? Nimejiogopa. Naogopa nina husuda, na labda ndiyo inayonifungia.

Sikuombi dawa, nimekunywa za kutosha. Kila mtu ananiambia nikiacha mawazo nitashika. Hayo mawazo yanaachwaje? Na Jumamosi niende, nisiende?

Fundi, Tanga

*

Marahaba mwanangu,

Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara zote nimekwama kwenye ile zipu. Umetoka hospitali na damu yako, ukakaa kwenye cherehani mpaka usiku ili mwenzio akapendeze harusini. Kwa hiyo kabla ya lolote: pole. Pole ya Jumatano ile. Imechelewa miaka mitatu, lakini ni yako, ipokee.

Sisi watu wa pwani mtu akifiwa tunajua la kufanya. Mkeka unatandikwa, mafiga yanawashwa uani, mtu anakuja na kilo yake ya mchele, mwingine haleti kitu ila anakaa tu karibu yako kimya. Siku ya tatu inafika umelia ukachoka, na hakuna aliyekuuliza utafungua duka lini. Wewe ulifiwa na hukutandikiwa mkeka. Halafu kila mwezi ule mstari mmoja unakuja kama habari ya msiba mwingine, na kila mwezi unaamka unafungua kibanda. Wewe unauliza mawazo yanaachwaje. Mimi naona hayo unayoyaita mawazo ni matanga ambayo hayajakaliwa.

Pasi haikuitoa mimba. Wala ndoo, wala bodaboda, na mama mkwe wako unaweza kumwambia nimesema mimi. Kati ya mimba 10 zilizokwisha kujulikana, moja mpaka mbili huharibika, nyingi kati ya hizo ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Sababu kubwa ya zile za mapema ni kwamba chembe za urithi za baba na mama zilipokutana hazikujipanga sawa, jambo linaloamuliwa siku za mwanzo kabisa, wakati wewe hujui hata kama una mimba. Ulipoishika pasi ile Jumatano, mambo yalikuwa yameshaamuliwa wiki kadhaa nyuma.

Na hili la "acha mawazo utashika" ningependa likome mtaani kwetu. Wanaolisema wana nia njema, ila angalia linavyofanya kazi: umehuzunika, sasa unaambiwa huzuni yako ndiyo inayomzuia mtoto, kwa hiyo unahuzunika halafu unajilaumu kwa kuhuzunika. Mwaka 2011 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti 14 zenye wanawake 3,583 waliokuwa wanaanza matibabu ya kupandikizwa mimba. Waliokuwa na huzuni na wasiwasi kabla ya kuanza hawakuonekana kupata mimba kwa uchache kuliko waliokuwa wametulia. Lia, mwanangu. Machozi hayazibi mirija.

Husuda nayo tuiseme kwa jina lake. Wanachuoni wetu wametenganisha hasadi na ghibta. Hasadi ni kutaka neema imtoke mwenzako. Ghibta ni kutamani nawe upate mfano wake, na hiyo haina dhambi. Je, ulitaka mtoto wa wifi yako adhurike? Usingekuwa unamshonea nguo. Moyo wako uliuliza swali, baada yake ukasema alhamdulillahi. Hata Nabii Zakaria alimlilia Mola wake asimwache peke yake, na dua yake ikaandikwa kwenye Kitabu tuisome.

Nije kwa mume wako, maana hapa ndipo penye kazi.

Kuna vitu viwili ambavyo wanaume wetu wanavichanganya, na matangazo ya ukutani yanawasaidia kuvichanganya: nguvu na mbegu. Mtu anaweza kuwa na nguvu za kutosha wake wanne na mbegu zikawa chache, au hazina mwendo, au hazipo kabisa. Kwa macho huwezi kujua, wala kwa kitanda huwezi kujua. Na hoja yake kwamba ulishawahi kushika ni ya miaka mitatu iliyopita. Mbegu haziwekwi ghalani. Moja huchukua kama miezi miwili na nusu kutengenezwa mpaka kukomaa, kwa hiyo alizo nazo leo siyo za mwaka ule. Katika muda huo mtu anaweza kuugua, kupata maambukizi ya zinaa asijue, kuvimba mishipa ya korodani, kuzoea sigara. Mengi ya hayo yanatibika. Na katika karibu nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto, upande wa mume una mchango wake, peke yake au pamoja na wa mke. Wewe umelazwa kwenye meza ya chuma ukapitishiwa dawa ya kuonyesha mirija, na najua jinsi inavyobana. Yeye ameombwa kikopo.

Ila usimwendee hivyo. Mimi naandika kwa ukali kwa sababu silali naye chumba kimoja. Mtu anayenuna siku mbili kwa sababu ya karatasi hajakasirika, ameogopa. Yule alisema "tutapata nyingine" siku ile kwa sababu hakujua aseme nini, na tangu siku hiyo anaona hakuipata hiyo nyingine aliyokuahidi. Mwambie mkiwa njiani au mnakula, siyo kitandani na siyo siku za hatari: "Karatasi yako naomba twende nayo pamoja. Likiwa lako ni letu, likiwa langu ni letu." Akikubali, kipimo chenyewe ni chepesi. Asikutane nawe siku mbili mpaka saba kabla yake, manii yote iingie kwenye kikopo cha hospitali, na ifike maabara ndani ya saa moja. Majibu yakiwa mabaya yasipokelewe kama hukumu. Hurudiwa, kwa sababu hata homa kali ya karibuni inaweza kuyashusha. Anzieni hospitali ya Bombo hapo hapo Tanga, kwa daktari wa kina mama, muingie wawili. Kwa miaka mitatu ya kutafuta na umri wako, msikae mwaka mwingine mnahesabu tu.

Kuhesabu kwenyewe kupunguze. Mbegu huweza kuishi ndani ya mwanamke mpaka siku tano. Yai likishatoka linakaa si zaidi ya siku moja. Kwa hiyo mkikutana kila baada ya siku mbili tatu wakati yuko nyumbani mmeshaipata hiyo hatari, bila kengele ya simu. (Nani aliyeziita siku za hatari? Wasichana wa shule walitishwa, na sasa wake za watu wanajikuta wanaomba hatari kwa Mungu.) Akiwa Singida, yuko Singida. Mwezi huo umekwenda na mzigo, hakuna aliyekosea.

Kuhusu nusu ya pili ya mwezi, nikupe siri moja ya mwili. Yai likishatoka, mwili humimina homoni ya projesteroni, iwe kuna mimba au hakuna. Hiyo hiyo ndiyo inayoumiza matiti, inayojaza tumbo gesi, inayokuchosha. Kwa hiyo dalili unazozifurahia ni za kweli, mwili wako hauna wazimu, lakini haziwezi kukuambia lolote kwa sababu pande zote mbili zinafanana. Na kipimo cha mkojo kabla ya siku zako kuchelewa mara nyingi hakina cha kusema. Basi fanya hivi: usinunue tena. Wewe huruhusiwi. Siku zikichelewa, kipimo anunue yeye, adhania dada wa duka la dawa analotaka kudhania, na alfajiri hiyo asimame nje ya mlango wa choo. Mstari ukiwa mmoja, mmeuona wawili. Siku hiyo usifungue kibanda mpaka adhuhuri. Hata kama kuna harusi kesho.

Tafuta na watu wawili wa kukaa nawe kwenye mkeka huo. Somo wako yupo hai? Aliyekufunda siku ya harusi ana deni lako bado, hakukufunda habari ya furaha tu. Wa pili mtafute hapo hapo kikobani. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya Aprili 2023 ilisema karibu mtu 1 kati ya 6 hupitia hali ya kukosa ujauzito wakati fulani maishani mwake. Kama kikoba chenu kina watu 30, huenda watano wanalijua shimo ulilomo, pengine hata huyo Mama Zuwena ambaye Zuwena alichelewa miaka sita na hakuna anayekumbuka. Wamo humo, wamenyamaza kama wewe.

Kuna dalili moja sitaki uifanyie subira. Ukiona wiki mbili mfululizo hulali, chakula hakipiti, kazi uliyoipenda huitaki, au ukajikuta unawaza bora usiwepo, usiningoje mimi wala somo. Nenda hospitali umwambie daktari hivyo hivyo kwa maneno hayo. Huo ni ugonjwa kama malaria, una watu wake wa kuutibu.

Mama mkwe ni wa mume wako. Mama yake akisema na hewa, hewa imjibu kwa sauti ya mwanawe. Maneno machache yanatosha: "Mama, hili tunalishughulikia wawili, hospitali. Usimletee dawa tena." Akishindwa kulisema hilo, basi hapo mna mazungumzo mengine ya kufanya kabla ya mtoto. Ile chupa imwage. Kizazi hakisafishwi kwa kuharisha. Na kama una vidonge vya kukomaza mayai ulivyouziwa bila daktari kukuangalia, viache pia. Umeshaambiwa mayai yanapevuka, unakomaza nini?

"Mama nani?" Hili limenigusa pabaya, nitakuambia kwa nini. Bi Aisha, mkewe Mtume, hakujaaliwa mtoto. Alimwambia Mtume kwamba wenzake wote wana majina ya uzazi ila yeye, naye akamwambia ajiite kwa Abdullah, mtoto wa dada yake Asmaa. Akaitwa Ummu Abdillah mpaka kufa kwake. Ona basi: swali la katibu wa kikoba lilishamuuma na yeye, hakuona aibu kulisema, na hakuambiwa aache mawazo. Alipewa jina. Sikuambii uende ukajiite mama wa mtoto wa wifi yako kesho. Nakuambia tu kwamba kutaka kuitwa si upungufu wa imani.

Na mimi hapa, unadhani gazeti liliniita Shangazi kwa bahati? Sikuzaa. Nilisubiri miaka 11, wakati huo hakuna programu ya simu, tulikuwa tunaweka alama kwa mkaa nyuma ya mlango wa stoo. Nimesita kulisema kwa sababu sitaki ulichukue kama utabiri. Wewe mirija ni wazi, mayai yanapevuka, karatasi moja iko kwenye droo haijafanyiwa kazi. Habari yako bado iko katikati. Nimelisema ili ujue anayekupa pole amewahi kuokota kitu kwenye kapu akakitazama mara ya pili.

Sasa Jumamosi. Nguo zimalize Alhamisi, na mume wako ndiye azipeleke Ijumaa, kwa hiyo zawadi itakuwa imefika hata wewe usipofika. Asubuhi ukiamka ukaona kifua kimebana, usiende. Mpigie wifi yako, mwambie hujisikii vizuri, ambayo ni kweli tupu. Ukiweza, nenda ukiwa umechelewa kidogo, maulidi yameshaanza, maana wakati wa kusoma hakuna anayekuuliza maswali. Kaa na somo wako, karibu na mlango. Mtoto ukipewa umpakate na hutaki, sema una mafua. Ukitaka, mpakate, na machozi yakitoka, arobainini watu hulia na hakuna anayejua nani analia nini. Pilau usiingoje, wakufungie.

Na hela ya kushona mdai. Uzi hukupewa bure.

Shangazi